Nyaya Nne za Joana

Aliyekata nyaya ni mume wangu, Elton. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani naficha ya nyumbani kwangu. Alizikata kwa kisu cha kumenyea muhogo, asubuhi ya msiba wa kaka yake Silvio, nyumbani kwa marehemu hapa Magomeni ya kwetu kusini. Watu walikuwa wanaingia na mikeka, sebule ilitakiwa iwe wazi, na ule muziki ulikuwa umekaa ukutani: amplifaya, deki ya kanda, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Zile nyaya angeweza kuzifungua. Vile vishikizo vya nyuma unavibonyeza kwa kidole tu, waya unatoka wenyewe. Elton hakujua, wala hakuuliza. Alizikata zote nne, akazikunja, akazitupa kwenye ndoo ya takataka.

Mke wa marehemu, dada Joana, alikuwa amekaa chini na khanga kichwani, wanawake tumemzunguka. Aliinua uso akaitazama ile ndoo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu niliyekuwa ubavuni kwake nikasikia, "Ntu huyu!"

Joana alizaliwa ng'ambo, Kionga, Msumbiji, akasoma madarasa manne kwa masista, akavuka Ruvuma akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Kiswahili chake mpaka leo ni cha kuvuka mto. Mtu kwake ni ntu, mkono ni nkono, na akikasirika ndiyo kabisa. Kazi yake ni kubangua korosho. Ameifanya maisha yake yote, na vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, hata sabuni ya mche imekata tamaa. Wabanguaji tuko wengi. Wa kutoa korosho nzima debe zima bila kuivunja hata moja, namjua mmoja tu.

Mimi naitwa Agnes, mama Sonia. Yeye ni mke wa kaka mtu, mimi ni mke wa mdogo mtu, na kwa miaka ishirini na mbili tulisikiliza muziki ule kila Jumapili baada ya misa. Silvio alikuwa akiuza ng'onda, samaki wakavu wa Msimbati, mpaka Pemba ya kule Msumbiji, na ndiko alikoutoa muziki wake, kipande kwa kipande, kwenye magunia. Jirani walikuja na viti vyao. Sauti ilikuwa safi, unasikia mpaka mpiga ngoma anapovuta pumzi. Watu walisema, "Silvio ana mkono!" Silvio alikuwa akitabasamu kwenye kiti chake, na Joana alikuwa akileta chai. Kwetu pia tunaye fundi wa kusifiwa. Elton ndiye aliyefunga bomba la tanki letu la maji, halijavuja miaka sita, na mtaa mzima unajua hivyo.

Sasa basi. Msiba haujamaliza hata wiki mbili, Elton akaniambia tukiwa tunakula, "Muziki wa kaka utakuja kwetu."

"Umeuomba?" nikamuuliza.

"Ni kitu cha kiume, Agnes. Shemeji ataufanyia nini? Utaliwa na kutu tu pale."

Nikamwambia shemeji yake ana masikio mawili, sawa na yeye. Akaenda Nanyamba kwa mjomba Francisco, mkubwa wa ukoo, akarudi na neno: siku ya kuanua tanga, vitu vya marehemu vitakapogawiwa, mashati yatakwenda kwa wapwa, baiskeli kwa mtoto wa dada yao, muziki kwa Elton. Joana abaki na vyombo na kitanda.

Tulikwenda kumwambia, Elton, mjomba na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kushika mtu anayelia. Joana alikuwa uani, ana majivu vidoleni, anabangua. Hakuacha kugonga.

"Vyombo ni vyangu tangu zamani," alisema. "Kitanda changu. Na nziki hautoki."

"Shemeji, sikiliza—"

"Nakusikiliza kwa nini, wewe uliyekata kwa kisu cha muhogo?" Akaweka korosho moja nzima kwenye bakuli. "Mjomba, nakuheshimu. Sema hivi. Siku ya tanga, Elton aje aufunge mwenyewe. Ukiimba kama ulivyokuwa ukiimba, auchukue, na mimi nitamsaidia kupakia. Ukimshinda, nitaufunga mimi. Na hapo asije ntu tena kuutia nkono."

Mjomba Francisco alicheka mpaka akatoa leso. Alikubali haraka, maana hakuona hatari yoyote. Elton naye alicheka. Mimi sikucheka. Ndani ya miaka yote ile sikuwahi kumwona Joana akiugusa muziki ule isipokuwa kwa kitambaa cha vumbi.

Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Dada, lakini unajua kweli?"

"Nlikuwa namshikia tochi," akasema, akaendelea kugonga.

Tochi! Nililala vibaya kwa sababu ya tochi hiyo. Nilimpenda Joana, na niliona anakwenda kuaibishwa mbele ya ukoo mzima na kitu pekee alichokuwa anakitaka kikitoka mlangoni mgongoni mwa mume wangu.

Jumanne akanipitia twende dukani kwa Shaibu, anayeuza vifaa vya umeme karibu na soko. Shaibu alimtazama khanga ya msiba, akamtazama vidole, akatoa waya mwembamba mweupe, wa kengele ya mlango.

"Huu unatosha kabisa, mama. Redio tu."

"Huo fungia mbuzi," alisema Joana.

Shaibu akatabasamu, akashusha wa pili. Huu ulikuwa mnene, ngozi yake inaonyesha ndani, na ndani unang'aa dhahabu. Mimi ningeuchukua palepale, ningeuvaa shingoni. Joana akaomba wembe. Akachuna ncha, akavuta uzi mmoja, akaukwangua taratibu. Rangi ya dhahabu ikatoka kama poda. Chini yake ulikuwa mweupe.

"Shaba iko wapi hapa, mwanangu?"

"Ni shaba ya kisasa, mama."

"Ni bati la sufuria limepakwa rangi." Akaurudisha mezani. "Hapa petu chumvi inakula mpaka bawaba za milango. Shaba yenyewe inaota ukijani. Huu mwaka hauishi, utakuwa unga. Nataka shaba. Nyekundu na nyeusi, zimeshikana."

"Mama, kwani unataka kuwasha mtambo wa gesi wa Msimbati?"

"Nataka kufunga kitu changu nyumbani kwangu. Kama huna, sema huna."

Alikuwa nao. Wauzaji wana vitu vyote, ila havitoki mpaka umekasirika. Aliutoa stoo, umezungushwa kwenye roda lililojaa vumbi. Joana akachuna, akakwangua, akawasha kiberiti na kuushikilia uzi kwenye moto. Ukawa mweusi lakini haukuyeyuka. Akaupangusa na khanga, wekundu ukarudi. Nilipomtazama usoni niliona kitu ambacho sikukiona tangu msiba uanze. Alikuwa anafurahi.

Akapima kwa mikono yake, pima tatu, akakunja pale, akapima pima tatu nyingine. Shaibu akauliza kwa nini ziwe sawa, maana Joana alikuwa amemwambia spika moja iko jirani na amplifaya.

"Zote sawa," Joana akasema. "Leo iko jirani, kesho nikihamisha kabati? Sitaki spika moja ijione mgeni."

Tulipotoka nikajiambia, mshika tochi gani huyu? Lakini nilikuwa bado naogopa, nikaliacha.

Elton naye alikwenda kwa Shaibu siku ya pili yake. Alirudi nyumbani na kifurushi akakifungua mbele yangu kwa fahari. Ndio, ule wa dhahabu. Nilikaza midomo. Kusema kweli nilitamani kumwambia, ni mume wangu, lakini nikakumbuka kisu cha muhogo.

Siku ya kuanua tanga tulitoka misa, tukala wali na kuku, wanawake tukavua khanga za msiba. Sebule ikajaa. Mjomba Francisco alikalia kiti cha Silvio, kile cha mikono ya mbao kinachotazama spika, bila kuulizwa wala kuuliza. Elton alikuja na fundi Anold, anayefunga umeme kwenye majumba. Hilo halikuwa kwenye makubaliano, lakini Joana alisema, "Waache waje hata kumi."

Wakageuza amplifaya. Nyuma, juu ya vile vishikizo, palikuwa na vipande vya plasta ya vidonda, vimebandikwa zamani na vimekuwa vya njano, kila kimoja kimeandikwa herufi moja kwa kalamu. D upande huu. E upande huu. Nyuma ya spika pia, moja D, moja E.

Anold akamulika, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake. "Kaka Silvio alikuwa fundi. Ameacha maelekezo yote. E hii ni ethi, ule waya wa kwenda ardhini."

"Na D?" Elton akauliza.

Anold akafikiri kidogo. "D ni dundo."

"Dundo!" Elton akawaambia watu. "Ndiyo maana nyumba ilikuwa inatetemeka!"

Watu wakaitikia. Nilimtazama Joana. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanatikisika, na mama mmoja pembeni akampapasa mgongo akidhani analia.

Basi wakafunga. Kila spika wakaitia waya mmoja kwenye D, kwa dundo, na mmoja kwenye E, kwa ethi. Kwenye hiyo E wakaunga waya mwingine, wakautoa dirishani, Anold akatoka nje akagongomelea kipande cha nondo kwenye mchanga wa uani na kuufunga hapo. Kuku wakakimbia. Elton akajipangusa mikono, akatia kanda, akawasha.

Magitaa yakaanza. Dundo hakuna, lakini magitaa yalikuwepo, makavu na ya mbali. Wimbo ule sisi wote tunaujua, mwimbaji anaingia upesi. Tukasubiri. Magitaa yakazunguka, yakazunguka tena.

"Mwimbaji yuko wapi?" mjomba Francisco akauliza.

"Anakuja, mjomba. Huu ni mwanzo."

Ukafika mahali pa kiitikio. Wanawake wawili wakaitikia kwa mazoea, wakajikuta wanamwitikia mtu ambaye hayupo, wakanyamaza. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Joana alivuka mikeka kabla sijaelewa, akashika plagi na kuichomoa, lakini tayari kitu ndani kilikuwa kimelia tap.

"Muziki umekufa," alisema Anold. "Ni wa zamani sana huu."

Elton akageukia watu na mikono wazi. Niliona anatafuta la kusema, na niliona tayari amelipata: kwamba kama umekufa, basi umekufa kwa wote. Miaka ishirini na mbili ya Jumapili, na Elton ameuua kwa nondo.

"Toka," Joana akamwambia. Hakupaza sauti. "Zamu yako imekwisha. Agnes, niletee kopo la maziwa liko juu ya kabati."

Nikaleta. Ndani yake mlikuwa na bisibisi, wembe, betri kubwa ya tochi na fyuzi nne za kioo zimefungwa kwenye karatasi. Akapiga magoti. Akang'oa waya wa dirishani, akautupa miguuni kwa Anold. Akafungua kijumba kidogo cha nyuma, akatoa fyuzi iliyoungua akainyanyua watu waione ilivyo nyeusi, akatia nzima. Kisha akachukua nyaya zake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, maana nimebangua naye. Aliuchuna ule waya kama anavyotoa korosho kwenye ganda, wembe unazunguka juu juu, ngozi inatoka nzima, na nyuzi za ndani hakuna hata moja iliyokatika. Akazisokota kwa vidole vyeusi mpaka zikawa ncha moja. Akafanya hivyo mara nane na sebule nzima haikukohoa. Akafunga upande wa spika kwanza. Kisha akachukua ncha za upande wa pili, akazigusisha kwenye betri ya tochi. Karatasi ya spika ikaruka nje kidogo, pu.

"Ikitoka nje, umeshika sawa," akamwambia Anold bila kumtazama. "Ikiingia ndani, umegeuza. Spika zikigeuziana mgongo, dundo linakufa. Na ukiunga D na E pamoja, mwimbaji anajifuta. Andika usije ukasahau."

Ya pili ikaingia ndani. Akabadilisha nyekundu na nyeusi kule nyuma ya spika, akagusisha tena, ikatoka. Ndipo akabonyeza vishikizo vya amplifaya na kutia kila waya mahali pake, D kwa D, E kwa E. Akavua khanga yake ya kiunoni, akapimia kutoka spika moja mpaka kwenye kiti, akapimia kutoka ile nyingine. Kiti kilizidi upande mmoja.

"Mjomba, nyanyuka."

Mjomba Francisco akadhani hakusikia vizuri. "Eti?"

"Hapo ndipo panaposikilizwa, na kiti kimekaa vibaya. Naomba unipishe."

Akanyanyuka. Sikuwahi kuona mtu akimnyanyua mjomba Francisco, nafikiri hata yeye hakuwahi. Joana akakisogeza kiti nusu hatua, akarudisha kanda mwanzo, akawasha.

Magitaa yakaanza, na chini yake dundo likaja likitembea sakafuni mpaka nyayoni mwetu. Kisha mwimbaji akaingia. Hakutoka kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Alikuwa amesimama katikati, ukutani, pale pasipo na kitu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mimi nililia, nakiri, na wala si kwa ajili ya Silvio.

Mjomba Francisco, aliyebaki amesimama, akasogea nyuma ya amplifaya akainama kuzitazama zile plasta. Yeye pia ni mtu wa ng'ambo, amesoma kule.

"Direita," akasoma polepole. "Esquerda. Kulia na kushoto. Loo! Na kwa nini isiandikwe Kiswahili?"

"Kulia ni K, kushoto ni K," alisema Joana. "Utajuaje?"

Watu wakacheka, Elton peke yake hakucheka. Lakini mjomba alibaki ameinama, kidole kwenye plasta, na kicheko kikaisha taratibu kwa jinsi alivyokaa.

"Silvio alizaliwa Msimbati," akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka shule, hapohapo. Ng'ambo alikwenda kuuza samaki, hakukaa darasani hata siku moja. Kireno cha kuandika alikijulia wapi?"

Joana akapunguza sauti ya muziki.

"Nwandiko ni wangu," akasema. "Yeye alihangaika nao siku tatu, ukamshinda. Siku ya nne akaenda Msimbati kununua ng'onda, nikaufunga. Aliporudi alikuta jirani wamejaa wanamsifu. Akanitazama. Nikaenda jikoni kuleta chai." Akafuta vumbi juu ya amplifaya. "Alikuwa nme wangu, nlimpenda, na sikutaka kumvua nguo mbele za watu. Lakini iliniuma. Kila Jumapili iliniuma."

Nikakumbuka Jumapili zote zile, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, nasema na wenzangu, Silvio ana mkono.

Mjomba Francisco akakohoa, akajiweka sawa kama mkubwa wa ukoo. "Basi. Ukoo umeona. Muziki huu tumekupa wewe, Joana."

"Hamjanipa," akasema Joana. "Mlitaka kuuchukua, mmeshindwa. Kunipa ni neno lingine."

Akakaa kwenye kiti cha Silvio, katikati kabisa, mikono yake myeusi juu ya mbao.

"Nimeleta chai miaka ishirini na mbili. Leo mtaniletea."

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, miguu ina mazoea yake. Akanishika khanga. "Wewe kaa, mama Sonia." Na akamtazama Elton mpaka mume wangu akageuka akaingia jikoni. Tukamsikia anafungua makopo, moja baada ya jingine, anatafuta majani ya chai.

"Sukari iko wapi?" akaita.

"Kwenye kopo la bluu," nikamjibu, kwa sauti ya kufika mpaka uani kwa jirani. "Na Elton! Lile bomba la tanki letu, niliyelifunga ni mimi!"